Jedwali la Damu ya Mama

Tamboril,
19 Machi 2024

Mpendwa Mama mdogo Eneida,

Baraka yako naiomba kabla sijasema lolote. Na kabla hujaiweka miwani sawasawa, nikutue mzigo: dada yako mzima. Mama ameshapasuliwa, ameshashonwa, ameshaamka, na jana amenigombeza kwa sababu supu haina chumvi. Sasa vuta kiti, usome taratibu.

U hali gani huko Burgos? Goti limeizoea baridi, au bado linakulilia ukipiga magoti? Msalimie Mama Mkuu wa watawa, umwambie zile pipi za viini vya mayai zilifika zimepondeka lakini hazikuharibika, tulizila kwa kijiko. Wilkin alilamba na karatasi.

Sisi huku tunaendelea. Joto limeanza mapema, umeme unakatika kama kawaida yake, na saluni yangu haijafungwa hata siku moja. Wanawake wa Tamboril wakifika Kwaresima wanaacha nyama, lakini kusetiwa nywele hawaachi.

Najua barua yangu ya Januari ilikuacha pabaya. Nilikuambia kilango cha moyo wa Mama kimechoka, kwamba akitoka kitandani hadi jikoni inabidi akae akusanye pumzi, kisha karatasi ikaniishia. Miezi miwili umesali bila kujua kama unamwombea mgonjwa au marehemu. Ndiyo maana leo naandika ndefu, na wateja wangu wawili wako chini ya mashine ya kukaushia wananitazama kwa hasira.

Hospitali ya Santiago ilitupa nafasi ya upasuaji, Jumanne ya kwanza ya Machi. Ila unazikumbuka hospitali zetu: mtu hapasuliwi mpaka jamaa zake wairudishie benki ya damu ile atakayowekewa. Kwa moyo wa Mama walitaka watu wanane, wa damu yoyote ile, wawe wamefika Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Wakipungua, nafasi anapewa mwingine, na yeye angoje mpaka Pasaka ipite. Daktari alinivuta pembeni akaniambia bila kuzunguka kwamba Mama huyu Pasaka haioni. Maneno hayo nilimwambia Wilkin peke yake.

Wilkin, mpwa wako, hajazeeka akili. Yeye ndiye anayeendesha ile ligi ya besiboli ya wanaume wenye vitambi pale nyuma ya ghala la simenti, na timu zote anazipanga kwenye jedwali la simu. Akasema tukianza kupigiana simu tutachanganyana, kila mtu ataahidi na hakuna atakayejua nani kamtafuta nani. Akasema tutumie jedwali la pamoja.

Nikueleze, maana ninyi huko watawa wote mna simu moja na imefungwa ukutani. Ni karatasi iliyopigwa mistari na safu, lakini haikai kwa mtu mmoja. Kila aliyepewa kiungo chake anaifungua kwenye simu yake na kuandika. Ninachoandika mimi saluni, Wilkin anakiona palepale kule ghalani, herufi kwa herufi. Mara ya kwanza nilipoona neno linajiandika lenyewe mbele yangu, nilijipiga ishara ya msalaba.

Ila kwa uvivu wake hakutengeneza jipya. Alinakili lile la ligi, akafuta majina ya wachezaji, akaongeza safu ya aina ya damu. Akasahau kuondoa safu moja iliyoandikwa "Hupiga kwa mkono gani". Basi jamaa zetu, kwa utii wao wote, wakaijaza! Kila mchangia damu akaandikiwa kama anapiga mpira kwa kulia au kushoto.

Shangazi Confesora naye alipewa kiungo. Unamkumbuka, dada yake marehemu Baba, yule anayeingia jikoni kwako na kuhamisha masufuria kabla hajasalimia. Siku ya pili tu nikafungua jedwali, nikakuta jeupe kama shuka. Nikampigia.

"Baraka, shangazi. Umefanya nini kwenye jedwali?"

"Mungu akubariki, mwanangu. Nimelisafisha. Lilikuwa limejaa vijirangi na majina ya watu nisiowajua."

"Umefuta kila kitu!"

"Nimefuta kwangu. Hii simu si yangu? Chako si kiko kwako?"

"Hakuna changu na chako, shangazi, ni moja hiyo hiyo!"

"Ebo! Basi mlinipa ya nini kama si yangu?"

Nilitamani kulia. Lakini Wilkin akanionyesha kwamba jedwali hili lina kumbukumbu kuliko mke aliyekosewa: unaliambia likurudishie lilivyokuwa jana, nalo linarudi na kila neno mahali pake. Shangazi alipoona vyote vimerejea akasema, "Si mnaona? Hakuna kilichopotea, na mlikuwa mnanipigia makelele."

Tulikubaliana hivi: kila aliyempata mtu amwandike, na Jumapili ampigie yeye mwenyewe kumkumbusha. Aliyekubali, mstari wake unapakwa kijani. Ijumaa tulikuwa na mistari tisa, yote kijani. Tisa, Mama mdogo, na walitaka wanane! Nilimpelekea Mama simu kitandani aone ile kijani, akatabasamu ingawa bila miwani hakuona kitu. Wateja wangu wawili waliokuja kujitolea nikawaambia tumetosheka, Mungu awalipe. Wilkin naye akamrudisha nyumbani mdakaji wa timu yake. Usiku huo nililala kama mtoto.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye ukumbi wa benki ya damu, mimi, Wilkin na Shangazi Confesora aliyevaa kama anakwenda ubatizo. Mama yuko ghorofa ya juu, ameshalazwa, nywele nimemsuka mwenyewe mabutu mawili zisimsumbue. Watu wetu wakaanza kuingia mmoja mmoja. Kisha akatokea mlangoni bwana mmoja mrefu, mabega mapana, vumbi la simenti kwenye nyusi. Tukasimama wote watatu kwa pamoja.

"Farasi!" akaita Wilkin, maana ghalani wanamwita hivyo kwa kubeba mifuko miwili kwa mkupuo.

"Papo, mwanangu!" akasema Shangazi, aliyemjua tangu anakimbia uchi mtaani kwake.

Na mimi mikono nimeshaifungua: "Fausto! Mkeo umemwacha wapi?" Maana kwangu yeye ni mume wa Ninoska, ninayemseti nywele kila Alhamisi.

Tukatazamana. Kwenye jedwali alikuwepo mara tatu, amekaa mistari mitatu kama mwenye nyumba, yote kijani. Na hakuna aliyeweza kushtuka, kwani Wilkin aliandika namba ya kazini, mimi niliandika namba ya mkewe, na Shangazi kwenye safu ya simu aliandika "ninayo mimi". Hata ile safu ya kupiga haikutusaidia: Wilkin kaandika kushoto, Shangazi kaandika kulia kwa kuwa anakula kwa kulia, mimi nimeandika sijui.

"Baraka, Doña Confesora," akasema maskini Fausto. "Mbona mnaniangalia hivyo? Nilisema nitakuja, si nimekuja?"

"Umekuja," Wilkin akamjibu. "Lakini tulikuwa tunakungoja mkiwa watatu."

Kumbe Jumapili alipigiwa simu mara tatu na mara zote alijibu atakuwepo bila kukosa. Alidhani ni ukoo wenye wasiwasi tu. Wilkin akajaribu hata kumbembeleza yule mama wa dirishani, akimweleza jinsi Farasi alivyo na damu nyingi. Mama yule hakuinua uso. "Awe na majina kumi, baba, mfuko natoa mmoja."

Mambo yakazidi kuharibika. Mmoja wetu alikutwa na chale mpya begani, mchoro wa mwanawe, akakataliwa. Mimi mwenyewe nilipimwa, damu yangu ikaonekana pungufu, nikaambiwa nirudi nyumbani nile maini. Tisa wakawa watano. Nikakumbuka wale wateja wawili niliowarudisha, nikakaa chini pale pale kwenye vigae. Niliwaza Mama yuko juu anangoja, ameshatoa hata pete ya ndoa kwa ajili ya upasuaji, na mimi nitapanda ngazi nikamwambie nini.

Huku kwetu nani anaitwa jina lake la kitambulisho, Mama mdogo? Tunaishi na mtu miaka thelathini, tunamzika, na kwenye tangazo la msiba ndipo tunapojua alikuwa anaitwa Hermenegildo. Nikafuta machozi, nikafungua jedwali, nikaongeza safu mbele ya zote: jina la kwenye kitambulisho. Asiye na hilo asiandikwe. Kisha nikafanya jambo ambalo Wilkin alikuwa ameniapisha nisilifanye kamwe: nikaliachia jedwali wazi, yeyote mwenye kiungo aandike. Nikakituma kwa wateja wangu wote. Wilkin akakituma kwa ligi nzima. Shangazi akakituma kwa kina mama wa rozari, kisha akaitia simu yake mkobani, akaufunga mkoba, akaweka mikono mapajani.

"Mimi siligusi," akasema. "Lisije likasemwa jambo."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, wahenga hawakukosea, nami niliogopa mkono mmoja tu wa kusafisha utuangamize. Tukainamia simu yangu watu watatu, vichwa vikigusana. Mwanzo kimya. Halafu kwenye kisanduku kitupu ikatokea B. Ikafutwa. Ikatokea tena, ikafuatwa na nyingine, jina likatambaa mpaka likakamilika, nasi tukilisoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Mwingine akaanza kuandika juu ya huyo huyo, akagundua, akateremka mstari wa chini akaendelea. Yalikuwa majina marefu ya heshima, na hatukumjua hata mmoja. Shangazi alikuwa akinong'ona, "Mungu ambariki, huyu ni nani? Mungu ambariki."

Walipoanza kufika ndipo tukawatambua. Yule aliyeandikwa Máximo Leonardo kumbe ni mdakaji wa Wilkin, amekuja mbio kwenye pikipiki ya kukodi na glavu yake bado kiunoni. Mwingine ni mmoja wa wale wateja wangu wawili, rolo ziko kichwani amezifunga kitambaa. Kwa hao, Mama alibaki amepungukiwa mtu mmoja tu, na saa ya ukutani haikuwa na huruma. Jina lililobaki lilikuwa Bienvenida Cepeda. Nilimpangia uso wa kila aina huyo Bienvenida, nikimtazamia kila mlango ulipofunguka.

Akaingia Nena. Ndiyo, Nena wa ukuta wa pili, yule yule wa jogoo. Nilikuandikia wakati ule: jogoo wake alipotea Jumamosi, na Jumapili sufuria ya Mama ilikuwa inanukia mtaa mzima. Mama aliapa kwamba yule jogoo alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Miaka mitano hawajasalimiana, hata kanisani wakati wa kupeana amani kila mmoja anageukia upande wake.

"Usinitolee macho," Nena akaniambia. "Andika jina langu."

"Umeshaandikwa, Nena. Umejiandika mwenyewe."

"Basi niache nipite. Na mama yako asijue, ataniambia damu yangu imemletea kisukari."

Akapita, akanyoosha mkono, akatoka bila kuaga. Wanane! Mama wa dirishani akaomba aone jedwali alinganishe na vitambulisho, akalisoma mstari kwa mstari, kisha akauliza hii ya kupiga kwa mkono gani ni ya nini.

"Ili mjue sindano muiweke upande upi," akajibu Wilkin, bila hata kupepesa. Mama yule akacheka mpaka akaweka muhuri kichwa chini.

Upasuaji wenyewe sina cha kukusimulia, tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukasali, tukala biskuti. Daktari alipotoka alishavua kofia, akasema moyo umekubali. Niliingia msalani nikalia mpaka mfagiaji akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mwanamke mwenzangu, sijafiwa. Nililisema mara nyingi, maana lilikuwa tamu kulisema.

Wiki iliyofuata Mama, akiwa ameshahamishiwa chumba cha kawaida, akataka kujua damu iliyomo mwilini mwake ni ya nani. Nikampa miwani na simu. Akasoma juu mpaka chini, akavua miwani.

"Kina nani hawa? Simjui hata mmoja. Mmewaokota barabarani?"

Nikaanza kumtafsiria. Huyu ndiye Farasi. Huyu ndiye yule wa rolo. Nilipofika kwa Bienvenida Cepeda nikaruka kwenda mstari wa chini, kwani nilikuwa nimeombwa ninyamaze. Mama akanishika kifundo cha mkono. Si mjinga dada yako. Akina Cepeda wa Tamboril ni nyumba moja tu, ya kina Nena, na wazee kama yeye ndio wanaolikumbuka jina hilo. Nikaogopa mapigo ya moyo yatapanda na mashine italia.

"Yule jogoo," akasema, "alikuwa mtamu."

Sikujua nicheke au niite padri. Halafu akaniagiza kwamba mwaka huu, maharage yetu ya sukari na maziwa ya Juma Kuu yakiiva, bakuli la kwanza lipite juu ya ukuta wa Nena kabla sisi hatujaonja, na liwe na zabibu nyingi. Kupika atapika Shangazi Confesora, Mama amekatazwa kukoroga sufuria. Atakuwa amekaa pembeni akitoa amri, na hapo ndipo nitakapojua amepona kabisa.

Sasa hivi jedwali lile lina ukurasa wa pili, zamu za kumwangalia. Asubuhi zangu, mchana wa Shangazi, jioni za Wilkin. Majirani wanajiandika wenyewe nani analeta mchuzi lini, na juzi nimeona kisanduku kimeandikwa "Alhamisi, supu ya kuku", bila jina. Hatujauliza kuku ni wa nani.

Shangazi Confesora anakusalimu, na anasema umwombee kwa kuwa kila mtu anamsingizia. Wilkin anakusalimu. Ninoska na Fausto wake wanakusalimu ingawa hamjuani. Binti yangu Yaritza anauliza kama huko kwenye utawa mnaruhusiwa kula chokoleti, atume. Wafikishie salamu zetu masista wote waliomtaja Mama kwenye sala zao, waambie zilifika.

Limebaki moja. Jumapili Mama aliniomba nimwonyeshe namna ya kuandika. Aliandika kwa kidole kimoja, akikosea na kufuta, nami nilikatazwa kumsaidia. Chini ya wale wanane, kwenye safu ya kitambulisho, akaandika: Eneida, mdogo wangu. Kwenye aina ya damu akaandika: ile ile yangu. Nikamwambia, "Mama, hapa ni wale waliofika hospitali tu." Akanitazama kama ananitazama mtoto asiyejua kuvaa viatu.

"Nilimwona," akasema. "Acha hivyo."

Wilkin ameufunga ukurasa ule wa kwanza, hakuna anayeweza kufuta tena.

Mungu akupe usingizi mwema kila usiku na akuinue na goti zima kila asubuhi.

Mpwa wako akupendaye bila kukuchoka,

Yocasta